Kilebu Akishikwa na Kifafa: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mbwa Malindi

Malindi ina mbwa wengi kuliko watu wanavyokiri. Kuanzia majumba ya Casuarina na Silversands hadi mashamba ya Ganda na Kakuyuni, karibu kila geti lina mbwa wake, na siku hizi wenye mageti hawataki tena mbwa koko. Wanataka German Shepherd, Rhodesian Ridgeback au Boerboel, mbwa mwenye karatasi. Pamoja na karatasi huja magonjwa ya ukoo. Kifafa kimo humo, nacho huwababaisha watu kuliko mengine: kilebu aliyekuwa akicheza asubuhi anaanguka adhuhuri, povu mdomoni, miguu inachapa hewa, kisha muda si muda anainuka na kwenda kutafuta maji.

Jirani wa kwanza atasema pepo. Wa pili atasema katiliwa sumu. Wa tatu, mwenye intaneti, atasema agiza kipimo cha vinasaba kutoka Ulaya. Mwongozo huu ni wa huyo wa tatu hasa. Kipimo kipo na ni cha kweli, lakini kinajibu swali moja tu, na kwa vilebu wengi wa hapa kwetu swali hilo si lao. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio utajua kama pesa zako ziende maabara au zianzie kwa daktari wa mifugo aliye karibu.

Hatua ya 1: Wakati ameanguka

Tazama saa kabla ya jambo lolote. Kifafa cha kawaida huisha ndani ya dakika moja au mbili, ingawa kwa anayetazama ni kama kimekaa mchana kutwa. Kikipita dakika tano, hiyo ni dharura: pigia daktari huku mkitafuta tuktuk au gari. Ni dharura pia akianguka zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, hata kama kila mara aliinuka.

Usimtie mkono wala kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini kidole chako anaweza kukikata bila kujua. Usimnyweshe maziwa, dawa ya kila kitu katika mitaa yetu. Asiye na fahamu hamezi, na maziwa yatamwingia mapafuni. Sogeza viti, mvute mbali na ngazi au bwawa la kuogelea, zima redio, funga pazia, watoe watoto.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada, nalo ni joto. Misuli inayotukutika hupandisha joto la mwili, na kwa hari ya Januari hadi Machi kilebu anaweza kudhurika kwa joto hilo peke yake. Mloweshe tumbo, mapaja na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha mwashie feni. Barafu hapana.

Mtu mwingine ashike simu na kurekodi video tangu mwanzo hadi mwisho. Ukifika kwa daktari, mbwa atakuwa amesimama anatikisa mkia, na maneno yako peke yake hayatamwonyesha kitu. Video itaonyesha kama mtukutiko ulianza upande mmoja wa uso au mwili mzima, kama macho yalikuwa wazi, kama alijikojolea.

Akizinduka huenda asikutambue. Atazungukazunguka, atagonga kuta, atakula kwa pupa, au atauma mkono anaoujua. Mwache hadi atulie.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza mambo ya kawaida

Hapa ndipo watu huruka, na ndipo pesa hupotea. Kilebu anayetukutika Malindi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na jambo la kawaida kuliko ugonjwa wa vinasaba.

Anza na kichaa cha mbwa, kwa sababu kinaua watu. Kama kilebu hana chanjo, ameng'atwa na mbwa asiyejulikana, sauti imebadilika, anadondokwa na mate, hawezi kumeza, amekuwa mkali au mpole kupita desturi yake, usimguse kwa mikono mitupu. Mfungie na uite ofisi ya mifugo ya kaunti. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Usidhani udogo wa kilebu unamkinga. Hata aliye chini ya miezi mitatu huambukizwa.

Inayofuata ni distempa. Huanza na homa, makamasi, matongo machoni na kuhara, kisha wiki kadhaa baadaye hushika ubongo: taya linatafuna hewa, mguu mmoja unashtuka bila kukoma hata akiwa usingizini. Vilebu walionunuliwa barabarani bila kadi ya chanjo ndio wahanga wakubwa.

Sumu nayo ni ya kila siku. Dawa za wadudu za shambani na dawa za kupe zilizochanganywa kwa kukisia huleta mate mengi, kutapika, kuhara na mitukutiko kwa pamoja. Uliza mtunza bustani alipulizia nini jana. Uliza pia watoto kama kuna aliyempa chingamu au peremende zisizo na sukari: zilizotiwa zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa haraka.

Sukari kushuka hutokea hata bila sumu, hasa kwa vilebu wadogo wa aina ndogo walioachishwa ziwa mapema, wenye minyoo na wasiokula vya kutosha. Ukiona kilebu analegea kabla ya kula na kuchangamka baada ya kula, mweleze daktari hivyo hivyo. Kinyume chake, anayepumbaa au kutukutika baada ya kula nyama huenda ana kasoro ya mshipa wa ini aliyozaliwa nayo.

Daktari atapima damu: sukari, ini, figo, kalisi na vijidudu vya kupe. Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kumwomba leseni si utovu wa adabu. Akihitaji maoni ya pili, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na video yako inaweza kufika huko kwa simu kabla ya mbwa.

Hatua ya 3: Andika umri na saa

Chukua daftari la shule. Andika tarehe, saa, muda, alikuwa akifanya nini, alikula nini, jua lilikuwaje. Daftari hili lina thamani kuliko kipimo chochote, kwa sababu magonjwa ya kifafa ya ukoo hutofautiana kwa umri wa kuanza na hali ya mbwa anaposhikwa.

Kikundi cha kimataifa cha madaktari wa kifafa cha wanyama kilikubaliana mwaka 2015 juu ya masharti ya kukiita kifafa kuwa ni kile kisicho na chanzo kinachoonekana: mbwa ameshikwa mara mbili au zaidi kwa nafasi ya angalau saa 24, mara ya kwanza alikuwa kati ya miezi 6 na miaka 6, damu na mkojo ni safi, na daktari akimkagua katikati ya vipindi hamwoni na kasoro. Kilebu wa wiki nane hayumo humo. Kwake rudi hatua ya 2 usome tena, isipokuwa ni wa mojawapo ya aina zitakazotajwa hapa chini.

Usichanganye kifafa na ndoto. Kilebu anayeota hupepesa nyayo, hubweka kidogo, macho huchezacheza chini ya kope, na ukimwita anaamka akiwa mzima.

Hatua ya 4: Je, aina yake ina kipimo?

Rhodesian Ridgeback ndiye anayefaa kuzungumziwa kwa urefu, maana mbwa huyu wa mstari mgongoni amependwa Kenya tangu zamani. Aina hii ina kifafa chake cha ujanani, kwa kifupi JME. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani, Ufini na Kanada walionyesha kwamba chanzo ni jeni iitwayo DIRAS1, ambamo herufi nne za DNA zimedondoka. Huanza kwa wastani karibu na miezi sita, wengine wakiwa na wiki chache tu, wengine wamekaribia mwaka na nusu.

Dalili yake si ile ya kuanguka na povu, na ndiyo maana hupita bila kuonekana. Mbwa amejilaza, anasinzia, mara kichwa, shingo na miguu ya mbele vinashtuka kwa nguvu kama aliyeguswa na waya wa umeme. Anatazama huku na huku, analala tena, anashtuka tena. Mlinzi wa usiku ataona kabla yako, muulize. Kwa baadhi yao, baada ya miezi, kifafa kikubwa cha kuanguka hufuata. Na katika utafiti huo, kama theluthi ya wagonjwa walichochewa na mwanga unaowaka na kuzimika. Chini ya minazi inayopepea, mwanga wa jua hukatika namna hiyo hiyo, kwa hiyo andika pia alikuwa amelala wapi.

Lagotto Romagnolo ni mbwa wa Italia, na Malindi ya Waitaliano si ajabu kumkuta mmoja. Vilebu wa aina hii wanaweza kuanza kutetemeka, kuyumba na kushikwa na kifafa kati ya wiki ya 5 na ya 9, kisha hali hiyo ikaisha yenyewe kabla ya miezi minne. Jeni yake, LGI2, ilitambuliwa mwaka 2011. Hapa kipimo kina faida ya pekee: kinaweza kumwokoa kilebu asiuawe kwa kosa la ugonjwa ambao ungepona.

Dachshund mdogo mwenye manyoya magumu ana ugonjwa wa Lafora, uliofumbuliwa mwaka 2005 katika jeni NHLRC1. Huo huja utu uzima na huzidi kadiri miaka inavyokwenda. Si wa vilebu, lakini wazazi hupimwa kabla ya kupandishwa.

Sasa habari isiyopendeza. German Shepherd, Labrador, Golden Retriever na Border Collie hupata kifafa cha ukoo, lakini hakuna kipimo cha jeni moja cha kukuambia nani ataugua, kwa kuwa jeni nyingi hushirikiana. Katika Belgian Shepherd zimeonekana nakala za jeni ADAM23 zinazoongeza hatari, lakini mbwa wengi wenye nakala hizo wanaishi bila kuanguka hata siku moja. Ukiuziwa kipimo kikubwa cha magonjwa mia na ushei kwa ajili ya German Shepherd anayeanguka, utapokea orodha ndefu ya mambo ambayo hana, na kifafa chake kitabaki palepale.

Na mbwa koko wetu? Usimpime. Pesa hizo zinatosha chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe, na ukibakiwa na kitu, kapime damu yake.

Hatua ya 5: Kuchukua sampuli

Zungumza na maabara kabla ya kuagiza. Laboklin ya Bad Kissingen, Ujerumani, ni miongoni mwa zinazopima JME ya Ridgeback. Waulize mambo matatu: wanapima jeni ipi kwa jina lake, wanapokea sampuli ya aina gani, na wanataka karatasi gani kwa mzigo unaotoka Kenya. Kisha uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu kibali cha kutuma sampuli ya mnyama nje. Kampuni ya vifurushi itakuuliza hilo dirishani, na si vizuri ukaanze kulitafuta jibu pale.

Sampuli nzuri kuliko zote ni damu kidogo katika chupa ya kifuniko cha zambarau, ikivutwa na daktari. Ya pili ni kijiti cha pamba cha kufuta ndani ya shavu, ambacho unaweza kukifanya mwenyewe:

1. Mtenge kilebu na mama yake na ndugu zake kwa saa mbili hivi, asinyonye wala kula. Maziwa na mate ya mwingine hubeba DNA ya mwingine.
2. Vaa glavu mpya kwa kila kilebu. Glavu zinamfaa pia msaidizi wako Mwislamu, ambaye mate ya mbwa yakimgusa itambidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Usimpe mtu kazi hiyo bila kumpa kinga.
3. Sugua kijiti kati ya shavu na fizi kwa nusu dakika, ukikizungusha. Unatafuta chembe za ngozi ya ndani, si mate, kwa hiyo sugua kwelikweli.
4. Kianike kivulini, bila kugusa kitu, hadi kikauke kabisa. Kwa unyevu wa Malindi, hasa Mei, hii huchukua muda, feni inasaidia. Kijiti kibichi ndani ya mfuko wa plastiki kitaota ukungu kabla hakijafika Mombasa.
5. Kitie katika bahasha ya karatasi na uandike jina na namba ya chipu (kifaa kidogo cha utambulisho kinachotiwa chini ya ngozi) hapo hapo, kabla hujamshika kilebu wa pili. Uzao wa wanane wanaofanana ni mtego.

Kama mbwa hana chipu, daktari amtie moja siku hiyo. Majibu yasiyofungamana na chipu yanaweza kuhamishiwa mbwa yeyote, na wapo watakaojaribu.

Hatua ya 6: Kusoma majibu

JME na ile ya Lagotto hurithiwa kwa namna moja. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili nzima ni safi. Mwenye moja nzima na moja mbovu ni mbebaji: haugui, lakini hurithisha. Mwenye mbili mbovu ndiye mgonjwa.

Ukipandisha mbebaji kwa mbebaji, kila kilebu ana uwezekano wa asilimia 25 kuwa mgonjwa, 50 kuwa mbebaji, 25 kuwa safi. Zingatia neno *kila*. Uzao wa vilebu wanane hauna deni la kukutolea wagonjwa wawili. Unaweza kutoa wanne, unaweza usitoe hata mmoja, na mfugaji akajisifu kwamba damu yake ni safi. Mbebaji kwa aliye safi hazai mgonjwa wa JME kamwe, ila nusu ya watoto, kwa makadirio, watakuwa wabebaji.

Jibu safi halimaanishi kwamba mbwa hataanguka kifafa maishani. Linamaanisha hana kifafa *hiki*. Ridgeback aliye safi akianguka, ni kurudi kwenye sumu, distempa na yale mengine ya hatua ya 2.

Hatua ya 7: Kuishi naye

Kwa kawaida daktari huanzisha dawa mbwa akishikwa mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au akiwahi kupitisha dakika tano, au akiwa na vipindi vinavyofuatana. Fenobabitoni ndiyo ya kwanza kwa wengi. Hutolewa kila saa 12, na saa 12 maana yake ni saa 12, hata siku ya harusi. Wiki za mwanzo mbwa atayumba, atakunywa maji mengi na kula kupita kiasi. Daktari atapima kiwango cha dawa katika damu baada ya wiki mbili hivi, na ini kila baada ya miezi kadhaa. Usimpe vidonge vya shangazi yako mwenye kifafa kwa kukisia uzito. Na usiikatize dawa ghafla kwa sababu ameonekana kupona. Kuikatiza ndiko kunakoleta kifafa kisichokoma.

Kama daktari ataongeza bromidi ya potasiamu, angalia chumvi. Chumvi nyingi huisukuma bromidi nje ya mwili kwa mkojo, dawa ikapungua nguvu bila wewe kubadilisha kidonge. Kwa hiyo ng'onda, mabaki ya papa wa chumvi na maji ya bahari ni marufuku, na mpishi aambiwe. Ufukweni mtembeze kwa kamba. Mbwa anayeshikwa akiwa ndani ya maji huzama kimya.

Hatua ya 8: Kupandisha na kuuza

Pima wazazi, usingoje vilebu. Vipimo viwili kabla ya kupandisha ni rahisi kuliko vipimo vinane baadaye, na wazazi wote wawili wakiwa safi kwa kipimo, vilebu nao ni safi kwa jeni hiyo.

Usiwafute wabebaji wote. Ridgeback wenye ukoo ulioandikwa si wengi hapa nchini, na ukiwaondoa wote kwa sababu ya jeni moja utabaki kupandisha binamu kwa binamu, na hapo yataibuka magonjwa ambayo bado hayana kipimo. Mbebaji mwenye tabia nzuri na nyonga imara mpandishe kwa aliye safi, kisha pima watoto utakaobakiza kwa uzazi.

Kwa German Shepherd na wengine wasio na kipimo, kinachobaki ni kumbukumbu. Mbwa aliyeanguka bila chanzo kujulikana hapandishwi tena, dume wala jike, hata kama mteja amekwisha lipa. Wazazi wake msiwarudie pamoja. Kama mbwa wako amesajiliwa na East Africa Kennel Club, tumia karatasi za ukoo kuwatafuta wenye ndugu zake na uwaulize waziwazi. Wengi wanajua jambo, ila hawajaulizwa.

Unapouza, mpe mnunuzi nakala ya majibu yenye namba ya chipu, kadi ya chanjo, na simu ya daktari. Kilebu mgonjwa anaweza kupewa mtu anayejua anachochukua, bila malipo, baada ya kufungwa uzazi, na kwa maandishi. Mtu akimtaka lakini hataki afungwe uzazi kwanza, kilebu abaki kwako.